Nyimbo Zilizorudi Bila Jina

Mwaka 2000 kampuni moja ya Ulaya iitwayo Dizim ilitoa CD yenye jina la Ngoma Iko Huku. Mwimbaji wake, Salum Abdallah wa Cuban Marimba, alikuwa amekwisha kaa kaburini miaka 35. Nyimbo zilizomo ni za kati ya 1955 na 1965. Wakati wake ziliuzwa kwenye santuri ndogo, wimbo mmoja kila upande, zikachezwa hadi sindano ikawa inaparuza, na mwishowe santuri zenyewe zikavunjika, zikapotea, au zikaishia kuwa vifuniko vya mitungi ya maji. Waliozikusanya walifanya kazi ya kuokota.

Nataka kuizungumzia CD hiyo, ingawa si mpya, kwa sababu huku kwetu haikupata kuzungumzwa ipasavyo. Lugoba haikufika dukani, na sidhani kama ilifika duka lolote katika Wilaya nzima ya Bagamoyo ya wakati ule. Iliyofika ni nakala ya nakala. Hilo nalo ni sehemu ya habari, nami nitalirudia.

Kwa msomaji asiyemjua, Salum Abdallah alizaliwa Morogoro mwaka 1928. Majina yake matatu yalifupishwa kuwa SAY, na wapenzi wa dansi la zamani hata leo humwita hivyo. Alikulia katika mji wa reli, na miji ya reli wakati ule ilikuwa ikipata santuri za Cuba, zile za mfululizo wa GV ambazo kampuni ya His Master's Voice ilianza kuzitoa mwaka 1933 kwa ajili ya soko la Afrika. Husimuliwa kwamba alizipenda kiasi cha kutoroka nyumbani kwa nia ya kwenda Cuba kujifunza muziki hukohuko, akafika Mombasa, na safari ikaishia hapo. Mwaka 1948 aliunda bendi akaiita La Paloma, jina la wimbo wa Mhispania Sebastián Iradier uliokuwa umekwisha zunguka dunia nzima tangu karne iliyotangulia. Baadaye ikazaliwa Cuban Marimba, ambayo ndiyo iliyomtoa jina.

Mimi ile safari iliyokwamia Mombasa huiona kuwa ndiyo bahati yetu. Angefika Havana, huenda Cuba ingepata mwanamuziki mmoja zaidi mwenye asili ya Uluguru, na isingemwona tofauti na maelfu iliokuwa nao. Alirudi na kiu yake yote, akaja kuinywea nyumbani.

Mnamo Novemba 1965 alikufa kwa ajali ya gari hukohuko Morogoro. Hakuwa amefika miaka 40. Mwaka huohuo kijana mmoja aitwaye Mbaraka Mwinshehe alijiunga na Morogoro Jazz, bendi iliyokuwa ikishindana na Cuban Marimba katika mji uleule, na baada ya muda si mrefu gitaa la kijana huyo likawa halisikilizishi kitu kingine. Juma Kilaza aliishika Cuban Marimba na akaiendesha vizuri sana, lakini kwa sauti yake na kwa nyimbo zake, kama ilivyo haki. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba Salum alisahauliwa kwa chuki au kwa dharau. Alifunikwa. Mji uliokuwa na wapigaji wengi kiasi kile haukuwa na nafasi ya kukaa matanga marefu.

Sasa, neno wanalolipenda wakusanyaji wa muziki wa zamani ni "adimu". Kitu kikiwa adimu, bei hupanda, na macho ya mtu huwaka. Lakini kuna uadimu wa aina mbili, na nadhani watu huuchanganya. Chukua mfano wa Mwingereza Nick Drake, mtunzi na mpiga gitaa aliyekufa mwaka 1974 akiwa na miaka 26, ameacha albamu tatu ambazo karibu hapakuwa na mtu aliyezinunua. Alipokwisha kufa na jina lake kukua, wakatafuta alichokuwa amebakiza: nyimbo alizojirekodia nyumbani, majaribio ya studio, vitu ambavyo yeye mwenyewe hakuvitoa. Zikatoka kwenye diski iitwayo Time of No Reply katika miaka ya 1980. Hapo adimu ni kile ambacho mwenyewe alikiacha ndani ya saraka. Anayesikiliza anafungua saraka ya marehemu, na ana haki ya kujiuliza kama angependa ifunguliwe.

Kwa Salum swali hilo halipo kabisa. Alichorekodi alikirekodi kwa kuuza, na kilipigwa mahotelini, kwenye vilabu vya pombe na kwenye baraza za wenye magramafoni, mpaka watoto wakakijua kwa moyo. Nyimbo hazikuwa adimu hata siku moja. Iliyokuwa adimu ni sahani. Kwa hiyo CD kama hii haitufunulii siri ya mtu. Inaturudishia mali iliyokuwa mezani kwa kila mtu, na kipimo chake kiwe hicho: imerudisha nini, imekirudisha kwa nani, na kimefika hali gani.

Diski yenyewe nimeiona mara moja tu, Dar es Salaam, mikononi mwa mwenyewe ambaye hakukubali kuiazima, na simlaumu. Nakala yangu nilitiliwa kwenye simu pale njia panda ya Chalinze, na kijana mmoja mwenye kompyuta na meza ndogo, ambaye huwauzia madereva wa malori nyimbo za safari. Nilimwambia nataka za Salum Abdallah. Akaniuliza, "Huyo ni wa taarabu, mzee?" Nikamwambia hapana, wa dansi, wa Morogoro hapo. Akatafuta, akapata fungu moja aliloletewa na abiria wa basi la Arusha, nyimbo za CD zikiwa zimechanganyika na nyingine za zama zilezile. Hakuna hata moja iliyokuwa na jina. Zilikuwa namba: 01, 02, 03, hadi mwisho. Jina la mwimbaji halikuwapo, wala la bendi, wala mwaka. Kumbe wale wa Ulaya walizunguka wakitafuta sahani, wakasafisha sauti, wakampa marehemu jina lake juu ya jalada. Na katika safari ya kurudi nyumbani jina ndilo lililodondoka njiani.

Nilizipeleka kwa mzee mmoja wa hapa Lugoba, jirani yangu, ambaye ujana wake aliumalizia kwenye mashamba ya mkonge upande wa Morogoro kabla ya kurudi kulima. Nilimwamkia, akaniitikia, akataka kujua shida yangu. Nikamwekea simu juu ya kinu kilichoinamishwa, maana chombo kitupu hukuza sauti. Wimbo wa kwanza haukufika hata sauti ya mtu. Gitaa lilipokwisha fungua tu, mzee akainua kidole akasema, "Huyo SAY." Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu akatikisa kichwa: "Huyo siye." Akaendelea hivyo kama karani anayepanga barua, na mara nyingi alikuwa na jina la wimbo, na pengine jina la mwanamke aliyecheza naye.

Lakini alikuwa na lalamiko, nami naliona kuwa ndilo lililo zito kuliko yote niliyowahi kusikia juu ya santuri za zamani. "Mwalimu," akaniambia, "huyu wamemkata. Wimbo huu ulikuwa ukianza, unakwenda kumvuta mtu nje anakokojoa, anarudi, anacheza, anachoka, na wimbo bado upo. Hapa ndiyo kwanza nakunja suruali, wimbo umekwisha."

Ni kweli tupu. Upande mmoja wa santuri ya aina ile ulibeba dakika tatu hivi, na bendi iliyozoea kuuchezesha ukumbi hadi alfajiri ililazimika kuubana wimbo kama mtu anayefunga gunia lililojaa mno. Wapenzi wa nje husifu namna nyimbo hizi zilivyo fupi na safi, kila kitu mahali pake. Wanasifu gunia. Ufundi wa Salum katika dakika tatu ni mkubwa, sikatai: sauti haijilazimishi, waitikiaji wanaingia bila kusukumana, vile vijiti viwili vya Kicuba vinagonga kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Lakini ule ufundi wake mwingine, wa kuwashika watu saa nzima kwa neno moja analoligeuza-geuza, haukupata kuingia kwenye sahani yoyote, na hakuna mkusanyaji atakayeupata. Ulibaki kwenye miguu ya watu kama jirani yangu, ambao wanapungua.

Kuna wimbo mmoja katika hizi ambao nimeusikiliza kuliko zote, nao ni "Wanawake wa Tanzania". Nausikiliza kwa sababu ya neno moja la jina lake. Msomaji akumbuke mpangilio wa miaka ile. TANU iliundwa Julai 1954. Uhuru wa Tanganyika ulikuja Desemba 1961, Mapinduzi ya Zanzibar Januari 1964, Muungano Aprili 26 mwaka huohuo. Hata hapo nchi bado iliitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, jina refu ambalo mtunzi wa nyimbo angelipigania kwa jasho. Jina la Tanzania lilitangazwa Oktoba 1964. Na Salum alikufa Novemba 1965. Kwa hiyo, bila ya kuona karatasi yoyote ya studio, tunajua kwamba wimbo huo ni wa mwaka wake wa mwisho, miezi kama kumi na mitatu hivi, si zaidi.

Kwangu mimi jambo hilo linaubadilisha wimbo. Anawaita wanawake kwa jina la nchi ambayo rangi yake ilikuwa haijakauka. Wengi waliousikia mara ya kwanza walikuwa bado wakijizoeza kulitamka jina lenyewe, na wapo waliokuwa wakilivunja sehemu isiyostahili. Hotuba za viongozi zilikuwa zikilifundisha, redio ilikuwa ikilifundisha, na huyu naye akalifundisha kwa njia yake, kwa kulitia kwenye mdomo wa mcheza dansi Jumamosi usiku. Mtu akiliimba mara ishirini akiwa anacheza, Jumatatu hatalikosea. Sisemi kwamba ndivyo alivyokusudia. Nasema kwamba mtunzi aliyekuwa akijifunza kutoka Cuba tangu ujana wake alikuwa, katika mwaka wake wa mwisho, ameshika neno ambalo Cuba isingeweza kumpa.

Hapo ndipo napata ugomvi kidogo na jalada la CD. Maneno ya Kiingereza yaliyomo humo huuita mkusanyo huu muziki wa dansi wa kale wa Tanzania wa miaka 1955 hadi 1965, na neno walilolitumia kwa "kale" ni lile litumiwalo kwa mvinyo wa mwaka mzuri. Kwanza, kwa miaka tisa kati ya hiyo kumi, Tanzania haikuwapo. Nyimbo nyingi za humo ni za Tanganyika, na nyingine ni za Tanganyika iliyokuwa bado inatawaliwa na Mwingereza. Ni jambo dogo, na mfanyabiashara atasema jina la leo ndilo linalouza. Lakini linaondoa ile safari niliyoieleza hapo juu: msikilizaji anaona muongo mmoja laini, kumbe ndani yake nchi ilibadilika jina mara mbili. Pili, huu si mvinyo. Mvinyo huwekwa makusudi uzeeke. Nyimbo hizi zilitungwa ziishie usiku uleule, kama maandazi.

Jina lenyewe la CD, hata hivyo, limechaguliwa kwa jicho zuri. "Ngoma Iko Huku." Msomaji anayekijua Kiswahili alitazame neno "huku". Mtunzi hakusema iko hapa. Hapa ni mahali unapoweza kupaonyesha kwa kidole. Huku ni upande, ni mtaa, ni mahali ambapo sauti inakuongoza kabla hujapaona. Na neno ngoma kwetu huku Ukwere hubeba mengi kuliko chombo cha kupiga: mtu akisema kwa fulani kuna ngoma, unaweza kuwa ni mwali anatolewa, na pombe, na shangazi waliotoka mbali. Salum alikuwa na gitaa na vijiti vya Cuba mkononi, akaviita ngoma, bila ya kuomba radhi kwa yeyote. Bendi nyingi za wakati ule zilijipamba kwa maneno yenye sauti ya Kihispania ambayo waimbaji wenyewe hawakuyajua maana, na kusema kweli sehemu hizo leo zinanichosha. Ni kama mtu aliyevaa koti la kuazima ambalo mikono yake imezidi. Salum naye hakosi koti hilo. Lakini anapoimba Kiswahili chake, anapomwonya shemeji anayezima taa au anapolalamikia walimwengu, koti anakuwa amelivua.

Si kila wimbo ni mzuri. Katika fungu langu zipo nyimbo za mapenzi tatu au nne zinazofanana hata mtu unaweza kuziunganisha bila kuonekana mshono: yule kaniacha, nami naumia, nanyi wenzangu mwaonaje. Mkusanyaji mkali angebakiza moja. Nadhani hawakufanya hivyo kwa sababu ya upendo uleule wa adimu: sahani ikishapatikana kwa taabu, ni nani atakayekuwa na moyo wa kuiacha nje? Lakini mtunzi huhukumiwa kwa mkusanyo, na mkusanyo unaobeba kila kilichookotwa unamwonyesha kuwa mwepesi kuliko alivyokuwa. Ukumbini nyimbo hizo zilitenganishwa na saa za usiku. Kwenye CD zimeketi bega kwa bega.

Rafiki yangu mmoja, mtu aliyesoma, hakubaliani nami juu ya hili suala la majina. Yeye anasema wimbo ukishapotelewa na jina la mtunzi ndiyo umefaulu. Umekuwa wa watu, kama nyimbo za jandoni ambazo hakuna anayeuliza nani alizitunga. Anasema kumtafutia Salum jina lake ni tabia ya Kizungu ya kuweka uzio. Hoja hii ina utamu, lakini siikubali. Nyimbo za jando hazina jina kwa sababu zimefanyiwa kazi na vinywa vingi. Kila kizazi kimeongeza na kupunguza. Za Salum zilitungwa na mtu mmoja, kwa maneno aliyoyachagua, na kila zinapopigwa leo ni sauti yake yeye, pumzi yake yeye, inayotoka kwenye simu ya dereva. Huwezi kumsikia mtu akivuta pumzi kabla ya kuimba kisha ukasema wimbo hauna mwenyewe.

Tena liko suala la haki, ambalo halina ushairi wowote. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999, kama ilivyopitishwa, ilimlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Kwa hesabu hiyo ulinzi wa Salum ulifika mwisho 2015. Tazama basi: santuri zilitoka wakati ambapo mwanamuziki wa huku alilipwa kwa kurekodi akaenda zake, CD ikatoka 2000, sheria ikiwa changa, na nakala za kwenye simu zikaenea wakati muda wa sheria ukielekea ukingoni. Nje ya sheria, kitu pekee ambacho mtu wa kawaida anaweza kumlipa marehemu huyu ni kumtaja.

Nitoe mfano wa upande wa pili, wa karibu zaidi na sisi. Hukwe Zawose, Mgogo aliyefanya Bagamoyo kuwa nyumbani kwake na kufundisha katika Chuo cha Sanaa, alirekodiwa sana na watu wa nje. Real World walitoa Chibite yake mwaka 1996. Alifariki Desemba 30, 2003. Yeye jina lake halikudondoka, na sababu si CD. Sababu ni nyumba. Aliacha ukoo mzima unaopiga marimba na zeze, na mwaka 2024 wanawake wa ukoo huo, Pendo na Leah Zawose, walitoa Maisha, albamu yao wenyewe, kwa jina la ukoo. Hapo muziki na jina vinatembea kwa miguu minne. Cuban Marimba ilikuwa bendi ya mji, na bendi ya mji haiachi ukoo. Inaacha wapenzi, na wapenzi huzeeka pamoja.

Hata hivyo kuna wimbo mmoja wa Salum ambao haukumhitaji mkusanyaji wala meza ya Chalinze. Ni "Mkono wa Idi". Redio imekuwa ikiupiga sikukuu kwa sikukuu, tangu enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, hata kwa wengi wetu Idi haijaingia mpaka usikike. Hapa Lugoba, penye misheni na penye msikiti, nimewaona watoto wa Kikristo wakiuimba kwa sababu sahani za pilau zinazovuka ua siku hiyo haziulizi dini. Waulize watoto hao wimbo ni wa nani. Watakwambia ni wa Idi. Na kwa kweli siku hiyo moja namwelewa rafiki yangu, maana sioni uchungu wowote katika jibu hilo. Wimbo umepata kazi ya kudumu katika kalenda, kama mwezi wenyewe. Uchungu naupata kwenye zile nyingine, zisizo na sikukuu ya kuzibeba.

Kwa wale watakaobahatika kuiona CD yenyewe, ushauri wangu ni kuisikiliza nyimbo mbili tatu kwa siku, jinsi sahani zilivyokuwa zikisikilizwa, na kumwita mtu mzima aje akae. Sauti imesafishwa vizuri. Mikwaruzo iliyobaki ni ya haki. Waliofanya kazi ile walifanya ambalo sisi wenyewe, wenye mji na wenye lugha, hatukulifanya kwa miaka 35, na shukrani zangu kwao si za mdomoni, hata kama jalada lao nimeligombeza.

Yale majina niliyoyapata kwa jirani yangu niliyaandika kwenye karatasi ya daftari, namba upande huu, jina upande ule, na juu kabisa: Salum Abdallah, Cuban Marimba, Morogoro. Nikampelekea kijana wa Chalinze. Alisoma, akakuna kichwa, akayaingiza moja moja kwenye kompyuta yake huku malori ya kokoto yakipita na kumtimulia vumbi. Hakunidai kitu. Nyimbo kumi na moja sasa zinauzwa pale zikiwa na majina. Nyingine tano mzee hakuweza kuzitaja. Alisema mbili kati ya hizo anazijua lakini jina limemtoka, akaomba nizirudishe siku nyingine, asubuhi, akiwa hajachoka.